Mwaka wa Troli ya Chai

Mimi nikiingia duka la samani, jambo la kwanza ninalofanya ni kukipindua kiti. Muuzaji aeleze habari ya ngozi na rangi mpaka achoke; mimi niko chini, nazungusha gurudumu kwa kidole, nimetega sikio. Watoto wangu wameacha kuandamana nami madukani, wanasema mama anawaaibisha. Mbona hawaoni aibu kununua kiti ambacho miguu yake italegea kabla hakijapata hata doa la chai? Lakini sitaki kuanza kwa hasira. Nataka kuanza na simu aliyonipigia Katunge asubuhi moja mwaka huu, sauti yake imechoka kama ya mtu aliyebishana usiku kucha. "Auntie Mumbua," aliniambia, "mama amekataa kutembea." Mama yake, ambaye sisi sote tuliofanya kazi naye tunamwita Mama Katunge, alikuwa ameanguka nyuma ya nyumba akaumia nyonga, akafanyiwa upasuaji, akapona. Daktari alikuwa amesema asimame na atembee kila siku, la sivyo miguu itasahau kazi yake na hatainuka tena kitandani. Wakamnunulia kigari cha kutembelea, kile cha kusukuma, chenye magurudumu manne, kikalio katikati na breki za mkononi kama za baiskeli. Akakitazama mara moja, akageukia ukutani. "Anasema hashiki hiyo kitu mpaka wewe uje uisikilize," Katunge alisema. Nikamuuliza nisikilize nini, ingawa nilijua. "Hizo tairi, auntie. Mimi sijui mna nini na tairi."

Nyumba ya Mama Katunge iko Kangundo, kwenye mteremko wa kahawa, na huko hakuna uwanja ulio sawa; ukiangusha limau mlangoni utaliokota kwa jirani. Nilimkuta amelala chumba cha mbele, kitanda kimesogezwa dirishani ili aone nani anapita barabarani na amevaa nini. Kigari kilikuwa pembeni. Alikuwa ameagiza kifunikwe leso asikione. "Wakya, mwiitu," alinisalimu kwa Kikamba. Mimi nina wajukuu, nywele zangu zimekuwa nyeupe, na kwake bado ni msichana. "Aa, mwaitu," nikajibu, maana kwangu yeye ni mama. Akanitazama juu mpaka chini. "Umekuja na sikio?" Nikamwambia nimekuja nayo yote mawili. Hakucheka. "Hiyo kitu iko hapo kona inaningoja nikosee," alisema. Katunge, aliyekuwa akituletea chai, akaweka trei chini kwa nguvu kidogo. "Mama, hiyo kitu ni mpya. Iko na breki. Daktari mwenyewe ameishika." Mama yake akajibu bila kumtazama, "Hata zile zilikuwa mpya." Katunge akaniangalia mimi, maana hakujua zile ni zipi. Mwaka wa zile yeye alikuwa mtoto wa kubebwa. Mimi nilijua, na nilipoiona miguu ya mama yule ilivyokuwa imekonda chini ya blanketi, niliogopa. Niliona kwamba daktari hakuwa anatia chumvi.

Mwaka ule niliajiriwa kwenye kiwanda kimoja huko Mavoko, kwenye tambarare, kilichokuwa kikitengeneza magurudumu ya samani. Watu wakisikia hivyo wanafikiri natania. Ni nani huketi akafikiri habari ya gurudumu lililo chini ya kabati? Hakuna. Unalifikiria siku linapokwama, na siku hiyo unalitukana. Sisi tulilifikiria kutwa nzima. Kulikuwa na chumba cha tanuri, chenye joto la kukausha mate mdomoni, ambako Mzee Oduor, fundi wa kalibu, alisubu shaba na chuma, akiviyeyusha na kuvimimina kwenye kalibu. Na kulikuwa na chumba chetu, chumba cha wanawake, chenye meza ndefu ya mbao iliyolainishwa na viwiko vya watu, na madirisha yaliyotazama uwanda ambako baadhi ya asubuhi uliona nyumbu wamesimama ng'ambo ya ua wakitushangaa. Hapo tulipanga vile vichuma vya mviringo, vidogo kama punje za mtama, tukatia grisi, tukafunga gurudumu kwenye uma wake, tukalizungusha na kulileta sikioni. Mama Katunge ndiye aliyekuwa kiongozi wa meza. Alinifundisha kusikia. Gurudumu zuri lina sauti moja tu, inaanza na inapungua na kuisha kama mtu anayesinzia. Likigonga, kuna mchanga kwenye grisi. Likipumua, limelegea. "Usisikilize na haraka," aliniambia. "Hii kitu itabeba nyumba ya mtu. Huwezi jua huyo mtu aliteseka aje kuinunua."

Kila gurudumu lilipigwa muhuri wa kobe. Mwenye kiwanda alikuwa Mzee Jivan, na baba yake ndiye aliyeuchagua alipoanza zamani kwa kusubu magurudumu ya shaba ya vitanda na makabati, na hakuna aliyejua kwa nini. Wateja walicheka: gurudumu la kobe, litafika lini? Oduor alikuwa na jibu lake. Alisema kobe ndiye mnyama pekee anayetembea na samani zake mgongoni na hujasikia hata siku moja ameziangusha. Zile kalibu za mzee wa kwanza bado zilikuwapo, zimefungwa kwenye magunia juu ya rafu, na Oduor alizipaka mafuta kila Jumamosi kabla ya kwenda nyumbani, iwe zinatumika au hazitumiki. Wakati wa chakula cha mchana sisi tulikula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe kutoka sufuria moja, yeye akafungua omena wake pembeni, akisema hawezi kula mahindi yaliyovuliwa nguo. Nasi tukamwambia samaki wake ni wadogo hivyo kwa sababu walikufa kabla ya kubatizwa. Utani huo uliendelea kila siku, maneno yale yale, na hakuna aliyeuchoka.

Sasa, desturi ya pale ilikuwa hii. Troli ya chai haikuwa na magurudumu yake yenyewe. Kila kundi la magurudumu lililomalizika mezani, mtu alifumba macho akachukua manne, yakafungwa chini ya troli, na mgeni wa kazi akaisukuma kutoka jikoni mpaka ofisini, kisha chumba cha tanuri, kisha kwetu. Vikombe vilijazwa mpaka mdomoni. Njiani kulikuwa na ufa wa sakafu ambao haukuzibwa makusudi, na reli ya mlango wa tanuri ya kuruka. Troli ikifika, Mama Katunge hakutazama vikombe, alitazama trei. Ikiwa kavu, kundi lile lilipakiwa likaenda zake. Ikiwa na tone, kundi zima lilifunguliwa upya na watu wakalinunia. Mgeni wa kazi mwaka ule nilikuwa mimi. Wiki yangu ya kwanza nilimwaga chai kiasi cha kuitwa Mama Mafuriko, na jina hilo halikuniacha hata nilipojifunza kusukuma kwa tumbo badala ya mikono. Nilikuwa na umri wa kujiona mkubwa, na mwanzoni niliona nimedharauliwa, kusomeshwa kote kule nije kuwa wa chai. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kiwanda kizima kilikuwa kimenikabidhi jina lake nilisukume.

Kazi ya chai ina faida moja: watu hawanyamazi ukiingia. Ofisi ya Mzee Jivan ilitengwa na ukumbi kwa ukuta wa mbao nyembamba, na siku moja nikiwa nje nazima jiko la stima nilimsikia akizungumza na mkewe, aliyeshika mambo ya mauzo. Mkewe alikuwa akisema magurudumu ya kutoka nje yanafika Mombasa yakiwa tayari, kwenye maboksi, na hayahitaji tanuri wala meza. Mzee Jivan akasema, "Tungoje hii oda ya hospitali. Hospitali wakikubali, wengine watafuata, tutaendelea kusubu. Wakikataa nazima tanuri." Mkewe akauliza, "Na wale akina mama?" Akajibu, "Wachache watapanga maboksi." Niliingia na chai yangu, na sikumwaga. Nilipomweleza Mama Katunge, aliendelea kufunga skrubu mpaka ikaisha. Katunge alikuwa mgongoni kwa jirani siku hizo, na mama mtu alikuwa ameinua kuta za nyumba hii hii ya Kangundo bila paa. "Mimi sijui kupanga maboksi," alisema. "Na hiyo hospitali ni ya kwetu, ya huko juu. Hawatatukataa."

Hospitali yenyewe ilikuwa ya misheni, juu milimani, na wadi ya kina mama ilikuwa na vitanda vya chuma vya zamani vilivyosimama kwa miguu mitupu. Aliyeagiza magurudumu ni Sista Redempta, mtawa mfupi mwenye sauti ya kuamsha kijiji, kwa sababu alitaka kina mama waliojifungua wasukumwe mpaka barazani wapate jua. Tulipanda na Oduor na vifaa vyake. Tulipomaliza kitanda cha kwanza, Mama Katunge aliomba kikombe cha chai. Alikijaza, akakiweka katikati ya godoro, akasukuma kitanda wadi nzima kwa kidole kimoja. Hakuna tone. Sista akapiga makofi. Wagonjwa wakacheka, na mmoja akaomba anywe hiyo chai iliyotembezwa. Wakati wa kurudi Mama Katunge aliimba nyimbo za kanisani njia yote mpaka tambarare, na Oduor, ambaye hakujua Kikamba, aliitikia kwa sauti nzito mahali asipotakiwa. Sijawahi kumwona mama yule na furaha kama siku ile. Nikikumbuka, bado napenda kwamba aliipata.

Halafu Sista akatuma ujumbe kwamba tuje, hajakasirika, ila tuje. Tulipofungua mlango wa wadi tulikuta vitanda vimefungwa kwenye nondo za madirisha kwa vitambaa, vipande vya leso, bandeji, hata mkanda wa suruali. Sista alifungua kitambaa kimoja, akaachilia kitanda kitupu, akarudi nyuma. Kikaanza kuondoka polepole, peke yake, kuelekea mlango wa baraza. Wale waliojenga wadi ile zamani waliilaza sakafu kidogo upande mmoja ili maji ya kudekia yakimbilie nje. Jicho halikuona. Gurudumu liliona. Na kitanda kilikwenda bila sauti yoyote, kwa sababu tulikuwa tumeyatengeneza vizuri sana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi ya yote. Sisi tuliishi mahali ambapo nchi ni bapa. Tulijaribu kama gurudumu litatembea, tukalijaribu kwa bidii, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliuliza kama litasimama. Kabati halikimbii, ndivyo Mama Katunge alivyopenda kusema, maana kabati lina uzito wake na zulia lake. Tena yeye mwenyewe ni mtu wa milimani, amekua akiweka jiwe nyuma ya kila kitu chenye gurudumu. Tambarare ilikuwa imemsahaulisha.

Tungali tumesimama pale, mama mmoja mwishoni mwa wadi, aliyejifungua juzi yake, akataka kuinuka. Alishika chuma cha kitanda kama mtu yeyote anavyoshika kitanda chake. Kitambaa kikafunguka. Kitanda kikamwacha, naye akaanguka kwa magoti na mkono mmoja. Mama Katunge alikuwa wa kwanza kumwona na wa kwanza kukimbia, na hakumfikia. Mtoto alikuwa kwa muuguzi, ashukuriwe Mungu, na yule mama aliumia kifundo cha mkono tu. Lakini alipoinuliwa alimtazama Mama Katunge, bila kujua kuwa ndiye mwenye magurudumu, akasema, "Pole, mwaitu, nimekushtua. Nimeshika vibaya." Mama Katunge alipiga magoti pale sakafuni akamshika ule mkono mzima. "Hukushika vibaya," alimwambia. Alirudia maneno hayo mara nyingi, hata baada ya yule mama kulazwa tena na kufunikwa. Nilitazama pembeni kwa sababu sikuwa nimewahi kumwona akilia, na sikujua kama naruhusiwa.

Mzee Jivan hakufoka. Alisema tu, "Basi yarudi," akaanza kukusanya karatasi zake kama mtu anayefunga duka. Ni Sista aliyetuokoa, au tuseme ni jua. Alituma neno kwamba hataki magurudumu yatoke, kwa sababu kina mama wameshaonja jua la barazani na hawakubali kurudi kivulini, ila anataka vitanda vinavyosikia vikiambiwa simama. Akatupa muda mpaka mvua zianze. Kuanzia hapo sijui kama kuna mtu aliyelala vizuri. Oduor alitengeneza skrubu ya kukaza kwa mkono. Mama Katunge akaitazama akasema, "Muuguzi amebeba mtoto, huo mkono wa kukaza atautoa wapi? Tafuta mguu." Oduor akatengeneza ulimi wa chuma wa kukanyagwa, unaobana gurudumu. Tukaufunga kwenye troli, tukaipeleka kwenye mteremko wa saruji mahali lori hupakilia, mteremko pekee wa kiwanda kizima, tukakanyaga, tukaachilia. Troli ikateremka na vikombe vyote ikagonga lango, na nyumbu waliokuwa ng'ambo wakatoroka. Chuma kwa chuma kinateleza, hasa penye grisi. Tulijaribu mbao, ikatoa harufu ya kuungua. Tulijaribu ngozi. Mchana mmoja tukila, tukamwona Oduor ameacha omena wake, amevua akala yake ya mguu wa kulia, anaitazama soli. Unajua akala ni tairi la gari lililokatwa. Alichukua kisu, akakata kipande cha kisigino, akaenda nacho chumba cha tanuri akiwa na kiatu kimoja.

Siku ya kujaribu hiyo soli ya Oduor, kiwanda kizima kilitoka nje. Tuliipakia troli vyuma vichakavu chini na vikombe vya chai ya moto juu, ikasukumwa mpaka katikati ya mteremko, nikakanyaga ule ulimi kwa mguu wangu mimi, kwa sababu troli ilikuwa kazi yangu. Kabla sijaachilia, Mama Katunge aliteremka akasimama chini yake, karibu kabisa, akageuka akaipa mgongo. Mzee Jivan akatoka mbio. "Mama Katunge, toka njiani." Hakutoka. "Mama, hiyo ni chai ya moto. Toka njiani, tafadhali." Akajibu akiwa bado ametazama lango, "Yule mama hakuwa na mahali pa kutokea." Nikaangalia Oduor, Oduor akaangalia mguu wake mtupu. Nikaachilia. Nimezaa watoto na nimezika watu, lakini sijui kama nimewahi kungoja kama nilivyongoja pale. Troli ilitikisika kidogo ikatulia. Mvuke wa chai ukawa unapanda, kisha ukapungua, kisha haukuonekana tena. Mama Katunge alikaa vile mpaka chai ikapoa kabisa, ndipo akageuka, akachukua kikombe chake akanywa. "Iko na sukari nyingi," alisema, na watu wakaanza kupumua.

Sista aliyapokea magurudumu yenye breki, vitambaa vikafunguliwa madirishani, na tanuri halikuzimwa. Oduor alipewa viatu vipya na akalalamika kwamba vinambana. Troli ya chai ilipata desturi ya pili: ikishapita ufa na reli, ilipelekwa mteremkoni, na mtu aliyefunga yale magurudumu alisimama chini yake akiwa ameipa mgongo mpaka chai ipoe. Miaka yote niliyofanya kazi pale nilikunywa chai baridi, na mpaka leo sipendi ya moto. Maana nilibaki. Mwisho wa mwaka ule mgeni mwingine alipewa troli nami nikapewa nafasi mezani, kulia kwa Mama Katunge, na kutoka kwenye meza ile nimelea watoto. Sasa tanuri halipo, jengo limekuwa ghala la vigae, na magurudumu ya maboksi ndiyo yamejaa madukani. Sisemi yote ni mabaya. Nasema tu kwamba ukikuta kabati la zamani kwa mwalimu mstaafu hapa Machakos, lisukume kidogo, halafu uiname utafute kobe. Lakini kuna jambo ambalo wengi wa meza hawakuligundua. Tangu siku ile ya wadi, Mama Katunge mwenyewe hakuwahi kuegemea kitu chochote chenye magurudumu. Alifunga breki za watu wengine, akasimama chini ya troli mara nisizoweza kuhesabu, lakini uzito wake mwenyewe hakuukabidhi gurudumu lolote. Hata juzi hospitalini, Katunge ananiambia, kila muuguzi alipopita alimwomba akanyage tena ile pedali ya kitanda.

Kwa hiyo sikubishana naye. Nilitoa ile leso, nikakipindua kigari juu ya meza, nikaomba Katunge azime redio. Nilizungusha la kwanza, la pili, la tatu. La nne lilikohoa. Niliomba mafuta ya cherehani, nikatia tone moja, nikalizungusha tena mpaka likasinzia vizuri. Jinsi Katunge alivyonitazama, niliona anadhani namchezea akili. Kisha nikainama nikatafuta muhuri, mazoea tu, nikakuta maandishi ya nchi ya mbali. "Si zetu," nikasema. "Najua si zetu," Mama Katunge akajibu kutoka kitandani. "Zetu ziliisha. Mimi nakuuliza kama zinashika." Nikamwambia hilo halijulikani mezani. Tukamtoa kwa kumbeba, mimi na Katunge, tukamkalisha kwenye kiti mlangoni, na kwa kweli alikuwa mwepesi kuliko nilivyopenda. Nikaomba vikombe vya chai, vijazwe. Katunge akasema, "Auntie, chai ya nini sasa?" Nikamwambia alete tu. Nilivipanga kwenye kikalio cha kigari, nikakisukuma mpaka pale njia inapoanza kuteremka kwenda kwenye kahawa, mahali pabaya kuliko mteremko wowote wa Mavoko, nikazifunga breki, nikaachilia. Kisha nikashuka, magoti yangu yakinilalamikia, nikasimama chini yake, nikakipa mgongo.

Nilitazama mikahawa. Nilisikia kuku, na pikipiki ikipanda kwa shida huko barabarani, na Katunge akimwuliza mama yake kwa sauti ya chini kama mimi niko sawa. "Nyamaza," mama yake alisema. "Anangoja ipoe." Nilingoja. Nilifikiria yule mama wa wadi, ambaye mtoto wake sasa ni mtu mzima mahali fulani kwenye milima hii. Nilifikiria Oduor aliyelala kwao miaka mingi sasa. Nyuma yangu hakikusogea kitu. Nilipoona imetosha, niligeuka, nikaonja kikombe cha karibu, kimepoa. Trei haikuwapo ya kutazama, lakini kikalio kilikuwa kikavu, nami nikapitisha kiganja juu yake kisha nikamwonyesha kiganja kutoka kule chini. Mama Katunge akakitazama kiganja changu. "Ilete hapa," alisema.

Nilitoa vikombe nikakipandisha mpaka mlangoni. Katunge alimshika kwapa moja, mimi nyingine, akainuka akitetemeka, akaweka mikono kwenye mishikio. Mwanzoni aliigusa tu, kama mtu anayepima joto la sufuria. Alipiga hatua. Akapiga nyingine. Mimi nilikuwa mbele yake natembea kinyumenyume, mikono nimeitanua, na Katunge nyuma ameshika mkia wa leso yake. Tulifika pale njia inapoteremka. Akasimama, akafunga breki mwenyewe, kushoto na kulia, na nikaona midomo yake ikikaza. Kisha akaegemea. Aliegemea kwa uzito wote uliobaki ndani ya mwili ule, akafumba macho, na mimi nikajikuta nimepiga magoti njiani nikikishika kigari kwa mbele kwa mikono miwili. Hakikuwa kinaenda popote. Alifumbua macho akanikuta pale chini, na kwa mara ya kwanza tangu nifike akacheka. Akaachilia breki.

"Mumbua," alisema, "toka njiani."

Nikatoka.